Nyumba ya kudumu isiyokalika mchana

Saa saba mchana, mwezi wa Machi, pita mitaa ya Garsen uhesabu watu walio ndani ya nyumba zao. Vidole vya mkono mmoja vitatosha. Wazee wako chini ya mwarobaini. Kina mama wameketi kwenye kivuli cha ukuta. Kivuli kikihama, nao wahama nacho. Watoto wamelazwa nje kwenye mkeka. Nyumba zenyewe, zilizomeza akiba ya miaka na mikopo ya chama, ziko tupu, na bati lalia juu kwa kutanuka. Usiku hali haibadiliki sana. Godoro latolewa nje, na anayebaki ndani hubaki kwa sababu ya mbu au kwa sababu ya haya, si kwa sababu ya raha.

Nyumba hizi ndizo tunazoziita "za kudumu". Jina hilo limetukaa vichwani hata hatulihoji. Nyumba ya udongo na makuti ni "ya muda", ya bloku na mabati ni "ya kudumu". Lakini nyumba ambayo mwenyewe huikimbia saa tano asubuhi na kuirudia saa nne usiku, yadumu kwa faida ya nani?

Nataka kusema jambo moja katika safu hii. Jua la Tana River ni la Mwenyezi Mungu na hatuna la kulifanya. Joto lililo ndani ya nyumba zetu, hilo sehemu kubwa tumelijenga wenyewe, kwa ramani zilizochorewa mahali pengine na kwa kuona aibu ya vitu vyetu. Na nalisema sasa kwa sababu kaunti hii inajengwa upya. Mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yaliwatoa watu wengi kwenye vijiji vya bondeni. Kila maji yakishuka huzungumzwa habari ya kuhamia miinuko na kujenga nyumba zisizobebwa na mto. Tukijenga vibaya safari hii, wajukuu wetu ndio watakaolala nje.

Jua liko utosini

Garsen iko nyuzi mbili na ushei kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba jua hutupita karibu na utosi mwaka mzima, na katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba hutupita utosini kabisa. Kwa hivyo kinachopigwa na jua zaidi katika nyumba zetu si ukuta, ni paa. Ukikosea paa, hakuna dirisha litakalokuokoa.

Sasa tazama paa tunaloezeka. Bati ni chuma chembamba. Mchana wa jua kali laweza kupita nyuzi 60, na halina unene wa kuzuia joto hilo lisishuke. Chini yake hakuna dari, kwa sababu dari ni gharama na fundi amesema itawekwa "baadaye", na baadaye hiyo haifiki. Joto lashuka moja kwa moja hadi kwenye kichwa cha aliyeketi. Wengine hudhani dawa ni kununua bati nene, geji 28 badala ya 30. Unene huo husaidia bati lisipinde na lisioze upesi, lakini kwa joto haubadilishi kitu. Kinachobadilisha ni rangi na nafasi ya hewa. Bati jeupe au linalong'aa hurudisha jua. Bati jekundu iliyokoza, la kijivu cha makaa, au lililopata kutu, hulinywa. Na mtindo wa sasa, kila anayejenga nyumba ya fahari huchagua hizo rangi zilizokoza.

Halafu njoo kwenye ukuta. Bloku ya simiti ya inchi sita huchukua joto mchana kutwa na kulitoa polepole jua likishazama. Ukuta uliotazama magharibi hupigwa na jua la alasiri, na joto lake huingia chumbani mnamo saa mbili au saa tatu za usiku, wakati ambao watoto wanalazwa. Ndiyo maana mtu hufungua dirisha na bado atoka jasho: hewa ya nje imeshapoa, lakini ukuta ungali jiko.

Na madirisha? Madogo, ya chuma na vioo, mara nyingi upande mmoja tu wa chumba. Upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea. Mwanya ule uliokuwa ukiachwa kati ya ukuta na paa umezibwa kwa simiti. Hewa moto hupanda juu, na juu hakuna tundu, basi yakaa pale pale ikitungoja.

Waliotutangulia hawakuwa wajinga

Karibu na Kipini, mahali ambapo Tana yakutana na bahari, yako magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili uliochimbuliwa na James Kirkman katika miaka ya 1950. Watu walijenga pale misikiti na majumba ya mawe karne nyingi kabla ya simiti kufika pwani hii. Ukitaka kuona jengo la ukoo huo likiwa bado na watu ndani, nenda Lamu, mji wa kale uliotiwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, hulichelewesha joto la mchana. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziruhusu zaidi ya hapo, na dari ni za juu. Kuna kiwanda katikati ya nyumba ambapo hewa hupanda na kushuka. Mbele kuna daka la kukaa wageni, halafu tekani, yaani njia ya kuingilia iliyopindwa ili aliye nje asione ndani. Vichochoro ni vyembamba, nyumba hii yaitilia kivuli ile.

Mji wa mawe ulikuwa wa wenye uwezo, sikatai. Lakini hata nyumba ya kawaida ya Mswahili kutoka Malindi hadi Kipini, ile ya fito, udongo na makuti, ilijua kazi yake. Baraza mbele, ukumbi uliopasua nyumba kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba kushoto na kulia, na kuta zisizofika kwenye paa. Upepo ulipita katikati kama mwenye nyumba. Makuti yenyewe, kwa kuwa ni matabaka ya majani yenye hewa ndani yake, huzuia joto na pia hupumua.

Huku ndani, Wapokomo wa Ngao, Wema na Hewani walijenga kwa fito, udongo na nyasi, wakiongozwa na mto na mafuriko yake. Ndugu zetu Waorma na Wardei walikuwa na nyumba za duara za fito, nyasi na mikeka, nyepesi, zinazohamishika. Na hapo kuna jambo ambalo hatulisemi mara nyingi. Nyumba ya mfugaji hujengwa na mwanamke. Ni kazi yake, na ujuzi wake, na yeye ndiye ajuaye mlango uelekee wapi ili upepo uingie na vumbi libaki nje. Yalipokuja mabati na bloku, fundi akawa mwanamume, pesa zikawa za mwanamume, na mama aliyekuwa mjenzi hakuulizwa tena hata dirisha likae wapi. Yeye ndiye akaaye humo mchana kutwa.

Kwa nini tuliacha

Sitaki kuandika kama mtu anayelilia makuti. Wako wanaoyasifu makuti kwa sababu hawajawahi kulala chini ya makuti yanayovuja. Watu wa Tana walikuwa na sababu zao za kuyaacha, na sababu hizo ni za haki.

Kwanza ni moto. Katika mapigano baina ya wakulima na wafugaji mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa na nyumba nyingi zikateketezwa. Paa la nyasi lilihitaji kiberiti kimoja. Aliyeyaona hayo akasema hataezeka majani tena, huwezi kumlaumu. Pili ni maji. Bati hukuvunia maji ya mvua hadi kwenye tangi. Nyasi hazikuvunii kitu. Katika kaunti ambapo mtu hukaa kando ya mto mkubwa kuliko yote nchini na bado akatafuta maji safi, hilo si jambo dogo. Tatu ni usumbufu: panya, nyoka, mchwa, na kuezeka upya kila baada ya miaka michache. Nne ni vifaa vyenyewe. Miti ya kujengea imekuwa ya shida. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, hata wakataji mikoko wa Lamu walifungiwa riziki, na fundi aliyezoea boriti akalazimika kutafuta kingine.

Lakini ipo sababu ya tano, na hii si ya haki. Ni aibu. Sensa ya mwaka 2019 iliuliza paa lako ni la nini, na katika hesabu za namna hiyo makuti na nyasi husomwa kuwa dalili ya umaskini, na bati kuwa dalili ya maendeleo. Msaada ukija baada ya mafuriko, waja kwa hesabu ya mabati. Mgombea akitaka kura, aja na mabati. Mchumba akiulizwa ana nini, hutaja mabati. Tumefika mahali ambapo mtu aweza kuacha mwanawe alale jashoni mradi jirani aone paa linang'aa. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi twaishia mlangoni.

Na cha kuchekesha ni kwamba makuti hayakufa. Yamehamia hotelini. Malindi, Watamu na Shela, mgeni kutoka Ulaya hulipa pesa nyingi kwa usiku mmoja ili alale chini ya paa ambalo sisi tumeliangusha kwa aibu. Nyumba za kale za Lamu zimenunuliwa na kutengenezwa na wageni walioiona thamani yake, huku mwenyeji akihamia kwenye bloku.

Twaiga pia kutoka Ghuba. Vijana wetu waliofanya kazi Doha, Jeddah na Dubai hurudi na picha za nyumba kwenye simu: vioo vipana, hakuna baraza, paa la bapa, madirisha yasiyofunguka. Nyumba hiyo kule huishi kwa mashine ya kupoza hewa inayofanya kazi usiku na mchana. Ukiileta Minjila bila mashine, umeleta tanuri. Nao Waarabu wenyewe, kabla ya stima, hawakujenga hivyo. Mtaa wa kale wa Al Fahidi pale Dubai una minara ya barjeel ya kukamata upepo na kuushusha vyumbani, na wengi wao walikaa kwenye nyumba za makuti ya mtende. Twaiga walichojenga baada ya mafuta, tukaacha walichojenga kwa akili.

Watu watasema kuna stima siku hizi, weka pangaboi. Ni kweli, kituo kikubwa cha umeme kiko Garsen penyewe. Lakini nyumba nyingi za vijijini hazina waya, na zilizo nao zina tokeni zinazoisha. Na pangaboi chini ya bati lisilo na dari huwa linakupepea kwa hewa ya moto ule ule.

Joto na sitara

Hapa ndipo jambo hili linaponiuma zaidi, na naliandika kama Muislamu wa pwani kwa wenzangu.

Katika Surat an-Nahl, Mwenyezi Mungu azitaja nyumba kuwa ni mahali alipotujaalia utulivu, na aya inayofuata yataja vivuli miongoni mwa neema zake. Nyumba na kivuli vimetajwa pamoja. Wazee wetu walilifahamu hilo hata wakajenga nyumba inayotoa vyote viwili: upepo na sitara. Tekani iliyopindwa, uani uliozungushiwa ukuta, vitundu juu ya ukuta vinavyoingiza hewa lakini haviingizi macho.

Nyumba ya sasa yakulazimisha uchague. Dirisha liko usawa wa barabara, limetazama njia. Mama akilifungua, aonekana. Akilifunga na kushusha pazia zito, apikika. Mwishowe hutoka nje akakaa kando ya njia, au hulala uani pasipo na ukuta, mbele ya kila mpita njia. Tumejenga nyumba za gharama ili wake zetu na mama zetu walale nje. Hilo ni suala la sitara kabla halijawa suala la ujenzi, na nashangaa kwamba mimbarini tunahutubiwa juu ya nguo za wanawake mwaka mzima lakini hatujahutubiwa juu ya madirisha.

Wafikirie mzazi aliye kwenye arobaini yake na mtoto mchanga. Mila yataka akae ndani. Ndani ya nini? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aga Khan wameandika kuhusu wajawazito na kina mama waliojifungua katika vijiji vya Kilifi, jirani zetu hapa, na jinsi joto linavyowasumbua wao na watoto wao. Garsen haina joto pungufu kuliko Kilifi. Upepo wa bahari hutufikia ukiwa umechoka. Mfikirie pia mzee wa presha. Mfikirie mtoto wa shule anayesoma usiku. Ramadhani ya mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, na miaka inayofuata yaangukia Februari, ndani ya kaskazi yenyewe. Mtu amefunga, amekosa usingizi usiku kwa joto, na mchana hana pa kulaza ubavu.

Na mbu je? Mtu huambiwa azibe kila tundu asiingie mbu. Ni ushauri mwema wenye nusu ya ukweli. Ukiziba nyumba ya bati, joto huwa kali hata watu huvua chandarua au hutoka nje, na huko nje ndiko mbu alipo. Dawa ni wavu kwenye tundu, si simiti kwenye tundu.

Mbali si mbali

Kuna watu waliolijaribu jambo hili, tena si Ulaya. Katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, wasanifu na watafiti wa malaria walijenga nyumba chache za majaribio: kuta zinazopitisha hewa zilizofunikwa wavu, na nyingine za ghorofa ili watu walale juu. Zilikuwa na baridi zaidi kuliko nyumba za kawaida za bati, na mbu walioingia walikuwa wachache mno. Kutokana na hilo walikwenda Mtwara, kusini mwa Tanzania, wakajenga nyumba 110 za namna hiyo na kuzigawa vijijini ili wapime afya ya watoto wanaolala humo. Zina paa la bati. Kosa letu basi si bati peke yake. Kosa ni bati lisilo na dari, juu ya ukuta usiopumua, kwenye nyumba iliyopewa mgongo upepo.

Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria dungu. Kila mtu wa mashamba ya mpunga hapa Tana alijua dungu: jukwaa juu ya nguzo, paa jepesi, pande zote wazi, mlinzi wa ndege akakaa humo kutwa kucha. Liko juu ya maji yakifurika, juu ya mbu wengi, na ndani ya upepo. Chumba cha kulala kilichoinuliwa si kitu kigeni kwetu. Tulikiacha shambani tu.

Lakini na sisi tuchukue tahadhari. Msanifu mashuhuri wa Misri, Hassan Fathy, alijenga kijiji cha Gourna mpya karibu na Luxor katika miaka ya 1940, cha udongo, chenye majumba mazuri yaliyopoa. Waliojengewa wengi walikataa kuhamia, kwa kuwa kuhama kuliwatenga na riziki yao. Nyumba nzuri isiyoulizwa wenyewe hubaki kuwa picha kwenye kitabu. Mkulima wa Tarasaa na mfugaji wa Gamba hawataki nyumba moja, na wasilazimishwe.

Yanayowezekana kwa pesa zile zile

Nayataja machache ambayo fundi yeyote aweza kuyafanya, na baadhi hayaongezi hata shilingi.

La kwanza, mgongo wa paa uende mashariki na magharibi, ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Hapo utakuwa umekwepa jua la asubuhi na la alasiri, na papo hapo umewafungulia mlango wageni wawili wanaotutembelea kila mwaka, upepo wa kusi na upepo wa kaskazi. Wazee waliziita pepo hizo kwa majina ya pande zake. Sisi twajenga kama kwamba hatuzijui.

La pili, chini ya bati pawe na dari, hata ya mikeka ya ukindu ambao waota humu humu deltani, na juu ya dari, kwenye pembe za paa, paachwe matundu ya hewa yenye wavu. Dari isiyo na matundu juu yake ni nusu ya kazi.

La tatu, matofali ya matundu juu ya kila ukuta, pande mbili zinazokabiliana. Huingiza hewa, huficha ndani, na wavu wake ni wa bei nafuu. Haya ndiyo yatakayoturudishia sitara na upepo kwa pamoja.

La nne, baraza. Paa litokeze mbele na nyuma, na upande wa magharibi kama yawezekana, ili ukuta ukae kivulini. Ukuta usiopigwa na jua hauna joto la kukutolea usiku. Na upakwe chokaa nyeupe.

La tano, mti. Mwarobaini, mwembe au mkungu upande wa magharibi, upandwe siku ya kuchimba msingi. Nyumba ikiisha kupigwa rangi, mti nao umeanza kazi.

Deni la wakubwa

Haya ya fundi hayatoshi ikiwa serikali itajenga kinyume. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini Machi 2024, na tangu hapo mwalimu wa Garsen na muuguzi wa Ngao hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wao, sawa na mfanyakazi wa Nairobi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari; mwezi wa Julai watu hujifunika blanketi. Garsen haifiki hata mita 50. Ramani iliyochorewa kule, ghorofa za vyumba vilivyobanwa na kibaraza cha kuanikia nguo, ikiletwa Hola, Garsen au Kipini bila kubadilishwa, tutakuwa tumelipia joto letu wenyewe kwa makato ya mshahara.

Sheria hiyo imeweka kamati za kaunti za nyumba za bei nafuu. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imeipa kaunti uwezo wa kupitisha au kukataa ramani za majengo. Na kanuni mpya za kitaifa za ujenzi za mwaka 2024 zimechukua nafasi ya zile za mwaka 1968, zilizojaa fikira za Kiingereza. Kwa hivyo kisingizio kwamba sheria yatuzuia kimepungua nguvu. Kaunti ya Tana River yaweza kuamua kesho kwamba hakuna ramani ya nyumba, ya shule wala ya zahanati itakayopigwa muhuri bila kuonyesha upepo waingia wapi na kutokea wapi, na paa limekingwa vipi na jua. Ofisi ya ramani haihitaji mfadhili kwa hilo. Yahitaji swali moja kwenye fomu.

Na mashirika yanayoleta misaada baada ya mafuriko, nayaomba jambo dogo. Familia zilizokaa chini ya turubai zimepata adhabu ya kutosha. Mkihesabu mabati kwa kila nyumba, hesabuni na mbao za dari, na matofali ya matundu, na miche miwili. Kabla ya hapo waulizeni kina mama, hasa wale ambao mama zao walijenga nyumba kwa mikono yao.

Masika yakisha, wengi watarudi kwenye ploti zao kuanza kuchimba misingi. Ukimwita fundi, kabla hamjazungumza bei, simama naye katikati ya ploti saa nane mchana, muonyeshane jua laelekea wapi na upepo watoka wapi. Halafu mwite mama watoto naye asimame hapo, aseme atapika wapi, atakaa wapi mchana, na mtoto atalala wapi. Akishasema, ndipo mchore.